Pilipili Tuliyoianika Brussels

Bwana Shamba wetu alikuwa anaogopa milima. Serikali ina nchi nzima ya kumpeleka mtu, tambarare zimejaa tele, ikamleta Mgeta, mahali ambapo ukidondosha boga jikoni kwako unalifuata kwa jirani wa chini. Alipita njia zetu ubavu ubavu kama kaa, mkono mmoja umeshika majani, mwingine umeshika tai yake, utadhani tai ndiyo ingemzuia asiporomoke. Wanawake wenye matenga ya karoti kichwani walimpita wakicheka.

"Shikamoo Bwana Shamba. Tukubebe?"

"Marahaba, wanangu. Bado kidogo."

Alikaa nasi miaka mingi na hiyo "bado kidogo" yake. Alizaliwa wapi sijui, wala sikuuliza. Nilijua tu kwamba kwao ni tambarare, maana aliwahi kusema kwao mtu akikukimbia unaendelea kumwona siku mbili.

Kabla sijaendelea, mnifahamu na mimi. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia tangu lori la Mkude lilipotoka barabarani tukiteremka na kabichi. Wenzangu wawili walikufa. Mimi niliokolewa na kabichi, zilinizunguka nikabingirika nazo mpaka chini kama mmoja wao. Hadi leo siwezi kula kabichi, na ndizo ninazolima.

Tangu siku ile nina orodha ya walioniharibia maisha. Sijaiandika popote, iko kichwani, na kila usiku naipitia kama mwingine anavyovuta tasbihi. Wa kwanza alikuwa Mkude, aliyeteremsha lori amezima injini ili abane mafuta. Wa pili fundi Kibwana, aliyemfungia breki kwa waya wa seng'enge. Wa tatu shemeji yangu Athumani, aliyesema, "Basi la nini, panda lori la Mkude, utafika bure." Wako wengine. Ninapokwenda sokoni najua nani nimsalimie na nani nimwangalie tu.

Bwana Shamba alikuja kunitazama wodini, akala ndizi zangu zote tatu, akaisikiliza orodha mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na yule aliyekaa juu ya kabichi, akasikia injini imezimwa, akanyamaza kwa sababu amepanda bure, huyo yuko namba ngapi?"

Nikamwambia niache, mimi mgonjwa.

"Haya. Pona kwanza, Bwana Orodha."

Jina likanishika hapo. Hata wanangu nimewasikia wakilitumia wakidhani nimelala.

Alikuwa na tabia ya kung'ata. Hakuamini macho wala maneno, aliamini meno. Ukimwambia maharage yamekauka, anachukua punje anaing'ata. Mahindi, anang'ata. Pilipili manga, ambayo mtu mwenye akili zake anaiweka mbali na mdomo, yeye aliiweka katikati ya meno ya mbele, akafumba macho, akasikiliza. Ikilia *ka*, anaitikia kwa kichwa. Ikinyamaza, anaitemea kwenye kiganja na kukuonyesha, kama askari anayekuonyesha kisu ulichokificha.

"Hii bado inaongea na mti wake," anasema. "Liache jua liyamalize mazungumzo."

Sasa jua kwetu ni mgeni. Linakuja saa nne, linachungulia, linaondoka, ukungu unarudi kukaa. Kwa hiyo mtu wa Mgeta anajua kitu kimoja kuliko vyote: jua likitoka unaacha ulichoshika, unaanika. Kikao kinasimama. Hata ugomvi unasimama. Nimemwona mtu na mkewe wakitukanana mpaka majirani wametoka nje, jua likawaka, wakashika jamvi huku na huku, wakatandaza iliki kwa upole kabisa, wakahakikisha haijarundikana, halafu wakarudi kwenye matusi pale pale walipoishia.

Bwana Shamba aliupenda utaratibu huo. Alisema ni somo pekee alilolikuta limeshafundishwa.

Mengine yote ilibidi atufundishe, na yeye mwenyewe hakuyafuata. Alituhimiza kuchemsha maji, na akiona kijito anainama anakunywa kwa kiganja. Alitupimia makinga maji kwa kamba na vigingi, na bustani yake ilikuwa magugu matupu, mbuzi wa jirani ndani. Alihubiri kuwahi, na hakuwahi kufika popote kwa wakati, maana hakuweza kumpita mtu bila kumuuliza hali, hali ya mkewe, ya mahindi, na ya yule ng'ombe aliyekuwa na jipu.

Lakini kitu chake hasa, ambacho sijakikuta kwa mtumishi mwingine, ni saa ya kushangaa. Hakuwahi kutupeleka popote kwa kazi tupu. Tukiteremka Morogoro kufuata mbegu au dawa ya nyanya, kazi ikiisha alitazama saa yake na kutangaza, "Sasa saa moja ya kushangaa." Na tulitakiwa tushangae kweli, si kukaa kwenye kivuli na kunywa soda. Mara moja alitupeleka kuona treni ya umeme ikipita. Watu wazima kumi na wawili tumejipanga kwenye tuta, tumeshika mifuko ya mbegu.

Tukirudi, kila aliyesafiri alisimama ghalani mbele ya kikundi chetu cha wakulima na kutoa ripoti. Ripoti ilikuwa na mambo matatu: ulikwenda kufanya nini, ukashangaa nini, ukaharibu nini. Hilo la tatu ndilo alilolitaka zaidi. "Asiyeharibu kitu hajasafiri," alisema. "Amesafirishwa, kama gunia."

Baada ya ile treni, alisimama Shomari. Huyu alikuwa mtunza ghala wetu, mtu mwembamba, mpole, ambaye nilimchukia kwa sababu moja tu, kwamba pilipili yake ilikuwa nzuri.

"Nilikwenda kununua dawa ya nyanya," akasema Shomari. "Nimeshangaa treni haina moshi na bado inajua njia. Nimeharibu hivi: nimempungia mkono mama mmoja dirishani, akateremsha pazia."

Ghala zima likacheka. Zamu yangu ilipofika nikasema nilikwenda kununua dawa, nimeshangaa treni, sijaharibu kitu.

"Ripoti pungufu," akasema Bwana Shamba. Miaka yote hiyo ripoti zangu zilikuwa pungufu. Mimi ndiye mtu pekee Mgeta ambaye hakuwahi kuharibu kitu, na bado maisha yangu yameharibika. Hesabu hiyo sikuwahi kukaa niifanye.

Basi ikatokea Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Mradi mmoja wa viungo ulitupatia mnunuzi huko, na mnunuzi akataka aone pilipili na amwone mkulima. Akiridhika, atachukua pilipili ya kikundi kizima kila msimu. Mkulima aliyechaguliwa ni mimi. Nilitamba kijiji kizima kwamba ni kwa ajili ya shamba langu. Nadhani sasa watu wa mradi walitaka mtu anayechechemea, anatoka vizuri kwenye picha. Bwana Shamba angefuatana nami kwa ajili ya Kiingereza.

Sampuli ilikuwa ya Shomari, hilo halikuwa na mjadala. Bwana Shamba aliing'ata mbele yetu wote, ikalia *ka* mpaka waliokaa mlangoni wakasikia. Mfuko nikakabidhiwa mimi.

Nilipofika nyumbani niliimwaga pilipili ya Shomari kwenye debe, nikajaza ya kwangu. Hilo sijapata kuliandika mpaka leo. Ya kwangu ilikuwa imepata jua siku mbili, siku ya tatu mvua. Inatakiwa zaidi ya hapo. Nikajiambia siku mbili na siku tatu ni majirani. Sikutaka uso wangu ufike Ulaya na pilipili ya mtu mwingine.

Tulifika Brussels mvua inanyesha, ile ya manyunyu, kama ya kwetu. Miadi ilikuwa kesho yake saa nane mchana, kwa hiyo Bwana Shamba akatangaza, "Leo kushangaa, kesho kazi." Tulitembea tumevaa makoti ya kuazima, la kwangu limenifika magotini. Mji ule una vilima, lakini vimesakafiwa, na Bwana Shamba alipanda na kushuka mikono mfukoni, anapiga mluzi. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitembea kama mwanaume.

Jambo la kwanza alilotaka kuniona nikishangaa ni sanamu. Alilisoma kwenye kijitabu, kwamba watu wanatoka dunia nzima kuja kuliona. Tukajipenyeza katikati ya miavuli na simu zilizoinuliwa. Kumbe ni kisanamu cha shaba cha mtoto, hakizidi urefu wa mchi, kimesimama kinakojoa.

Nikangoja labda kuna kingine.

"Bwana Shamba, ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Kwetu wako wengi. Na wanasogea."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia niandike kichwani, ni ya ripoti.

Asubuhi ya pili ndiyo siku yenyewe. Bwana Shamba amevaa tai, amefungua mfuko aitazame sampuli. Nilikuwa nafunga viatu. Nikamwona anaweka punje kati ya meno, anafumba macho. Chumba kikawa kimya. Na punje nayo ikawa kimya.

Aliitemea kwenye kiganja, akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Ni baridi ya ndege, Bwana Shamba," nikasema haraka. "Imeingia kwenye mfuko."

"Ndege zina baridi sana," akasema.

Wakati huo huo pazia likang'aa. Jua! Jua la wazi, la njano, dirisha zima. Sikumbuki nani kati yetu alianza. Nakumbuka nimevuta shuka la hoteli kitandani, yeye kabeba mfuko, tunateremka ngazi kama watu waliosikia kengele ya moto.

Siku ile tulikuwa tumepanga, kabla ya miadi, tupite kwanza kuliona jumba moja kubwa la kale lenye ngazi pana za mawe mbele yake. "Vizuri," akasema Bwana Shamba njiani. "Sisi tutaliangalia jumba, pilipili itaangalia jua. Kazi na kushangaa kwa pamoja."

Tulitandaza shuka kwenye ngazi ya tatu, panapopiga jua sawasawa. Tukamwaga pilipili kiasi shuka lilivyotosha, tukaisambaza. Bwana Shamba akaketi juu ananisomea historia ya jumba kwenye kijitabu, mimi nimepiga magoti nageuza kwa viganja. Wallahi nilikuwa na furaha. Nilijiona mtu wa maana kuliko jumba lenyewe. Wageni wakaanza kutupiga picha. Bibi mmoja akaweka sarafu pembeni ya shuka, akarudi nyuma akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima.

Halafu akaja askari. Kijana, mrefu, mpole. Akaongea na Bwana Shamba kwa Kiingereza, nami nikaomba nitafsiriwe.

"Anauliza tunafanya nini."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia tunaanika."

Askari akauliza tena kitu.

"Anasema itachukua muda gani."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia siku tatu, jua likiendelea."

Askari alivua kofia akajikuna. Nadhani alikuwa anatafuta sheria tuliyoivunja, haikuwepo, hakuna aliyewahi kuihitaji. Alipokuwa bado anatafuta, wingu likaja. Si wingu la kutishia, ni lile linalofika na mvua yake mkononi. Tukashika shuka pembe nne, lakini mguu wangu uliteleza kwenye jiwe, upande wangu ukaanguka, na tukaokota pilipili punje moja moja kwenye maji, askari akitusaidia. Tramu tuliyopanda ikatupeleka upande usio wetu. Tulifika kwa mnunuzi tumechelewa, tumelowa, na shuka la hoteli begani kwangu.

Na mnunuzi, mama mmoja wa makamo, alikuwa anatungoja. Hilo nalisema kwa sababu ndilo tulilokuja kulisemea uongo nyumbani. Hakukasirika. Alitupatia taulo na chai. Akachukua pilipili kutoka katikati kabisa ya mfuko, ile ambayo hatukuifikia kuianika, akaitia kwenye kipimo cha unyevu. Akakisoma, akatikisa kichwa, akasema kwa upole kwamba hii ingefika na ukungu. Labda msimu mwingine. Msimu mwingine haukuja.

Tuliporudi, kikundi kilituita ghalani. Watu walikuwa wameshajenga nyumba kichwani, wameshasomesha watoto kwa pilipili ile. Nilipotaja unyevu, nyuso zote zikamgeukia Shomari.

"Ulitupatia pilipili mbichi!" akasema mmoja.

"Naapa ilikuwa kavu," Shomari akasema. "Mliisikia wenyewe. Mliisikia!" Alikuwa ananiangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mfuko. Nikaangalia mlangoni.

Hapo akasimama Bwana Shamba. Akasema pilipili ya Shomari ilikuwa kavu, waache. Kosa ni lake. Alinichukua kwenda kutazama mji siku ya miadi, mvua ikatunyeshea, tukachelewa, mnunuzi akakata tamaa.

"Ni kweli?" wakaniuliza.

"Ni kweli," nikasema. Na kwa kuwa sijui kuacha mahali pa kuachia, nikaongeza, "Alinipeleka kuona mtoto anakojoa."

Walicheka kwanza, kisha wakaghadhabika, na hasira inayotoka kwenye kicheko ni mbaya. Iliandikwa barua wilayani. Sahihi yangu ilikuwa ya pili kutoka juu. Shomari alikataa kutia sahihi, basi wakasema, unaona, anamtetea mwenzake. Bwana Shamba akahamishwa huko chini, upande wa Ngerengere. Shomari akanyang'anywa funguo za ghala, akang'oa pilipili yake, akapanda maharage. Na mimi nikampandisha Bwana Shamba kwenye orodha, namba moja, juu ya Mkude. Ukimkosea mtu sana inabidi umchukie, vinginevyo utalala vipi?

Mwaka huu nilikwenda Morogoro kwa ajili ya mguu. Nikikatiza mitaa ya Kihonda, nikaona mzee amevaa tai, ameinama mbele ya nyumba ndogo, anatandaza mpunga kwenye turubai. Nilitaka kupita. Mguu huu haupiti haraka.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, Bwana Orodha." Hakuinua hata kichwa. "Geuza upande huo, mimi mgongo umekataa."

Nikapiga magoti nikageuza. Alikuwa ameshastaafu, amekonda, meno ya mbele yamebaki mawili, kama ameyawekea kazi maalumu. Akauliza habari za wote, mpaka za yule ng'ombe, ambaye alishaliwa zamani. Kisha akasema, "Orodha bado unayo?"

"Ninayo."

"Mimi niko namba ngapi?"

Niliona haya. "Ya kwanza."

"Nimempita Mkude?" Alifurahi, nakwambia kweli, mzee alifurahi.

Nikaona afadhali niseme kabla sijapata akili. "Bwana Shamba, ile pilipili haikuwa ya Shomari."

"Najua. Ya Shomari niliing'ata Mgeta, ikalia. Pilipili haisahau kulia kwa sababu imepanda ndege."

Mikono yangu ikasimama kwenye mpunga. Miaka yote nilikuwa nabeba siri ambayo mwenyewe aliijua tangu nafunga viatu.

"Kwa nini hukusema?"

"Mtumishi akiharibu anahamishwa. Mkulima akiharibu anahamia wapi?" Akanionyesha nigeuze na kona ile. "Halafu miaka mingapi naomba uhamisho kwenda tambarare, hawanipi? Barua yenu ilinisaidia sana."

Nilicheka. Nikamwambia, basi umenisamehe.

"Mimi? Mimi sina pilipili." Safari hii aliniangalia. "Ripoti yako ya Brussels hujatoa. Na ripoti haitolewi kwa kiongozi wa msafara, inatolewa kwa waliobaki nyumbani. Shomari yupo?"

"Yupo."

"Haya basi."

Aliokota punje ya mpunga akaing'ata kwa meno yale mawili, akasikiliza, akasema bado kidogo.

Kesho yake nilipanda Mgeta kwa basi, nauli nimelipa. Njiani niliipitia orodha, na kila jina nililolitaja liliniuliza na wewe je, mpaka nikaacha. Nilimkuta Shomari uani kwake, ameshika pembe moja ya jamvi, maharage yako kwenye beseni, mkewe hayupo. Ukungu ulikuwa umefunguka punde, jua limeanguka pale uani tu. Aliponiona hakuniita ndani, wala hakunifukuza. Nilishika pembe ya pili ya jamvi.

"Shomari, nilikwenda Brussels kuuza pilipili yako," nikaanza. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto anayesomeshwa kwa fimbo. "Nikashangaa askari aliyetafuta sheria ya kutukataza kuanika, akaikosa. Nikaharibu..."

"Ngoja," akasema Shomari. "Tumalize kutandaza kwanza."

Tukavuta jamvi, tukamwaga maharage, tukayasambaza mpaka hakuna lililopanda juu ya mwenzake. Hakuharakisha. Alipomaliza alisimama, akajifuta viganja kwenye suruali, akakaa kwenye kigoda.

"Haya," akasema. "Ukaharibu nini?"